Hadithi ya Randi Mia

Mimi ni mzaliwa wa Mtoni. Si ile mtoni ya vijiweni, ambayo maana yake ni Ulaya, Marekani na kokote kule mtu anakopanda ndege kwenda. Mtoni yangu ni hii ya Temeke, ukishuka daladala pale kwa Azizi Ali, Barabara ya Kilwa. Utani huo tulikua nao. Mtu akikuuliza, "Kaka yako yuko wapi siku hizi?" unamjibu, "Yuko mtoni," halafu unamwachia mwenyewe achague ni ipi.

Bandari si mbali na kwetu. Tangu zamani vijana wa Keko, Kurasini na Temeke wamekuwa na sifa ya kuzamia, yaani kujibanza ndani ya meli bila tiketi na kuibukia nchi za watu. Wengine waliibuka, wengine hawakuibuka popote. Kisha mwaka 1994 Afrika Kusini ikapata serikali ya watu wote, na vijana wengi wakaona heri basi kuliko meli. Nchi hiyo tukaipa jina la Bondeni. Basi mimi nami, ndugu msomaji, nilitoka Mtoni nikaenda Bondeni, tena si peke yangu. Nilikwenda na mke wangu na binti yetu wa miaka mitatu. Ninayotaka kukusimulia ni kazi niliyoipata huko, maana ilikuwa kazi ya kuandika, na mpaka leo naionea haya.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2013 nikapata divisheni foo, ambayo kwa kijana wa kwetu maana yake ni kuhitimu kwenda mtaani. Nimeuza vocha. Nimepiga debe Mbagala Rangi Tatu. Nimekuwa kibarua wa kushusha mizigo kwenye makontena Kurasini, kazi ambayo unawahi saa kumi na moja alfajiri, na unaweza kuitwa na unaweza usiitwe. Usiku nilikuwa naandika riwaya kwenye kaunta buku. Kwa kuwa nililelewa na vitabu vya Elvis Musiba na Ben Mtobwa, shujaa wangu alikuwa mpelelezi. Ana suti, ana bastola, na hajawahi kudaiwa kodi ya chumba.

Mimi nilikuwa nadaiwa. Mwenye nyumba alikuwa haji kugonga, anakaa tu kibarazani asubuhi na kukohoa. Ukisikia kile kikohozi unajua mwezi umekwisha. Mke wangu ni msusi, alikuwa akisuka Tandika, na kwa kweli ndiye aliyekuwa akitulisha. Shoga yake mmoja alikuwa Johannesburg, akamwambia kwamba kule kichwa kimoja kinalipa kama anavyopata yeye kwa siku mbili tatu. Mke wangu akanitazama. "Twende wote," akasema. "Nikienda peke yangu utakuja kusikia habari zangu kwa watu."

Tukauza kitanda, jiko la gesi na redio. Pasipoti tukapata. Kwa mtoto tukatafuta cheti cha kuzaliwa RITA, kwa sababu tangu Juni 2015 Afrika Kusini ilikuwa imeweka sharti kwamba mtoto asisafiri bila cheti kinachoonyesha wazazi wake wote wawili. Tulisikia kwamba wamelegeza kamba kidogo, lakini tukaambiwa tusijaribu bahati. Kile cheti nilikikunja vizuri nikakitia kwenye mfuko wa nailoni.

Tuliondoka Ubungo Februari 2019. Basi lilipopita Morogoro nilimwonyesha mke wangu upande iliko Mazimbu. Mjomba wangu aliwahi kufanya kazi Morogoro, na ndiye aliyenisimulia habari zake nikiwa mdogo. Pale ndipo wapigania uhuru wa ANC walipopewa ardhi na nchi yetu, wakajenga Chuo cha Solomon Mahlangu, wakasomesha watoto wao waliokimbia ubaguzi. Mwaka 1992 walitukabidhi majengo, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mke wangu akasema, "Basi wakituona watatukumbuka." Tukacheka. Mtoto naye akacheka bila kujua tunacheka nini.

Tunduma, kisha Zambia yote, kisha Chirundu na daraja la Zambezi, kisha Zimbabwe. Mtoto alitapika toka Mbeya mpaka Lusaka. Siku ya nne tukavuka Limpopo pale Beitbridge. Sisi Watanzania hatukuhitaji viza kwa matembezi, tukagongewa muhuri wa siku tisini, na jioni tukashuka Park Station, katikati ya Johannesburg, na mabegi matatu.

Shoga wa mke wangu alitupokea, akatupeleka Yeoville. Ni mtaa wa watu wa kila nchi: Wakongo, Wanaijeria, Wazimbabwe, na sisi. Ukipita soko la Rockey Street unakuta sombe na samaki wakavu, unasikia Kilingala huku na Kiswahili kule. Tulipangisha kipande cha sebule katika ghorofa ya tatu. Sebule moja ilikuwa imegawanywa kwa mapazia kuwa nyumba za familia nne. Pazia letu lilikuwa la maua mekundu. Umeme ukikatika, maana nako walikuwa na mgao, binti yetu alikuwa anapiga kelele, "Tanesko!" na watu wa pazia la pili wanacheka.

Mke wangu alipata kazi siku ya tano. Mikono yake ndiyo iliyokuwa cheti chake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akamsuka mteja mmoja bure, mwenye saluni akaangalia mistari ya kichwani akasema njoo kesho. Mimi nilizunguka wiki tatu. Karakana, maghala, mahoteli, vituo vya mafuta. Kila mahali swali ni moja: "Una karatasi?" Muhuri wa matembezi hauruhusu kazi. Nikawa mlezi wa mtoto, napika ugali, nafua, na jioni namngoja mke wangu arudi na pesa. Nisikufiche, liliniuma. Kijana wa Temeke kukaa nyuma ya pazia akingojea mkewe alete mkate si jambo dogo.

Hapo ndipo wenyeji wetu waliponifundisha namna ya kupata karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 inampa mtu anayeomba hifadhi karatasi ya muda, na mahakama za huko zilikwishaamua kwamba mwenye karatasi hiyo anaweza kufanya kazi na kusoma wakati shauri lake linangoja. Lakini ili uombe hifadhi lazima uwe na kitu unachokikimbia. "Usije ukasema wewe Mtanzania," jamaa mmoja akaniambia. "Watakucheka. Nchi yako ina amani."

Fikiria mwenyewe. Amani tuliyoimbiwa tangu darasa la kwanza, tuliyojivunia mbele ya majirani, ikawa ndiyo kikwazo. Njaa haikuwa sababu. Divisheni foo haikuwa sababu. Ilitakiwa vita.

Nikajipa vita. Nilikaa nyuma ya pazia usiku mmoja na ile kaunta buku yangu, nikafungua ukurasa mpya baada ya pale mpelelezi wangu alipokuwa ameachwa amening'inia dirishani, nikaandika kwamba mimi ni mtu wa Uvira, Kivu ya Kusini. Uvira nilikuwa naijua kwenye ramani tu, kule kwenye ncha ya juu ya Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Bujumbura. Mimi hata Kigoma sijafika. Nikaandika usiku walipokuja watu wenye silaha, mbwa aliyebweka halafu akanyamaza, mtumbwi, safari. Yule mbwa alikuwa wa mwenye nyumba wetu wa Mtoni. Mke wangu alisoma akasema, "Mimi sikukimbia vita. Nilikimbia kodi." Lakini akaikariri, kwa sababu faili lilikuwa moja, mimi, yeye na mtoto. Pasipoti zetu na cheti cha RITA tukavifungia kwenye kopo la unga. Tulipanga foleni tangu giza, tukaingia, nikasimulia. Tukatoka na karatasi za miezi sita zenye majina mengine.

Binti yetu tulimfundisha njiani. "Ukiulizwa unatoka wapi, unasema nini?" "Kongo." "Vizuri." Tukampa pipi.

Habari zikaenea kwamba kuna jamaa wa Yeoville anatunga vizuri. Akaja wa kwanza, mtu wa Tanga. Akaja wa pili, wa Kigamboni. Nilikuwa namsikiliza mtu, nampima umri na sura, halafu namtungia. Nilikuwa nawafundisha waache maneno ya kwetu, wasijibu "poa", wasiseme "mshikaji", wasiape kwa namna ya Kipwani, maana mkalimani akikusikia unaongea kama mtu wa Kariakoo umekwisha. Bei yangu ilikuwa randi mia. Ile noti ni ya samawati, na tangu 2012 noti zote za huko zina sura ya Mandela. Siku ya kwanza kuipokea nilimwonyesha mke wangu nikamwambia, "Hii ndiyo pesa yangu ya kwanza ya uandishi." Nilisema kwa mzaha, lakini moyoni sikuwa natania. Miaka mitano nilikuwa nimeandika na hakuna aliyenilipa hata shilingi. Sasa watu wazima walikuwa wanakariri maneno yangu kwa moyo, na maisha yao yakitegemea kama nimeyapanga vizuri. Mwandishi gani hataki hivyo?

Katika pazia la nne alikuwa anaishi mama mmoja, mtu wa Uvira kweli. Sisi tulimwita Mama Uvira. Alikuwa na karatasi kama zetu, ila yake ilikuwa ya haki, na mwaka wa saba ule alikuwa bado anaifanyia foleni kuiongezea muda. Mchana alikuwa anauza karanga na mihogo. Nilipoanza kupata wateja, akajitolea kumwangalia binti yetu. Alikuwa anambeba mgongoni pamoja na beseni la karanga, na mtoto akaanza kusema Kiswahili cha kule: ule mtu, maji akiyaita mayi, na akishukuru anasema aksanti. Sisi tunacheka. Mimi nikawa nasikiliza kwa makini kuliko mwenzangu, kwa sababu ilikuwa bidhaa.

Jioni tulikuwa tunakula pamoja, na mara mojamoja Mama Uvira alikuwa anasimulia. Hasimulii kama mtu anayesimulia. Anasema kitu kimoja, anachambua mchele, anasema kingine. Siku moja alituambia habari za mtoto wake wa kiume. Walikimbia naye akiwa na miaka miwili, wakalala porini kando ya mto Ruzizi, wakanywa maji ya pale, mtoto akaanza kuhara, na siku ya tatu akafa. Alisema hivyo tu, akaendelea na mchele.

Agosti akanijia jamaa wa Keko, tuliyekuwa tukifahamiana tangu vibarua vya Kurasini. Alikuwa na haraka, na alitaka hadithi kali. "Hizi za mbwa kabweka zimeshazoeleka," akasema. "Nipe ya kumliza mtu. Natoa mia tatu." Nilikuwa nimeishiwa, ndugu msomaji. Nilikuwa nimekwisha kutunga zaidi ya kumi na mbili. Nikafungua kaunta buku nikaandika habari za baba mmoja aliyekimbia na mwanawe wa miaka miwili kando ya mto Ruzizi. Kuhara niliona hakuna uzito. Nikamzamisha mtoto mtoni, akiponyoka mikononi mwa baba yake wakivuka usiku. Nilipomaliza nilitokwa na machozi mwenyewe, nikajiona fundi.

Jamaa wa Keko alikuwa anakaririria kwenye ngazi za ghorofa, anapanda na kushuka. Jioni moja nilikuwa nimesimama naye namsahihisha. "Usiseme alizama. Sema, maji yalimchukua." Nikageuka nikamwona Mama Uvira amesimama ngazi tatu chini yetu, beseni kichwani, binti yangu mgongoni amelala. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

Akapanda polepole, akatupita. Alipofika mlangoni akasema bila kunitazama, "Baba, ule mtoto hakukufa na maji. Alikufa na kuhara. Kama munauza, muuze ilivyokuwa."

Akaingia ndani akamlaza binti yetu kitandani kwetu.

Nilimwomba jamaa aiache ile hadithi nimtungie nyingine bure. Alikataa, akasema ameshailipia na ameshaishika. "Acha hizo, mshikaji. Hata Madiba alijiita David Motsamayi alipokuwa anajificha. Jina ni nguo tu." Ni kweli, Mandela alitumia jina hilo mwaka 1961 alipokuwa akisakwa. Sikuwa na jibu usiku ule. Jibu lilinijia baadaye, wakati hakuna wa kumpa. Mandela alivaa jina la kujificha akiwa kweli anawindwa. Hakumvua mtu maiti ya mwanawe akaivaa yeye.

Jamaa alikwenda, akapata karatasi. Mama Uvira kesho yake alfajiri alikuja kwenye pazia letu kumchukua binti yetu kama kawaida. Hakusema kitu. Afadhali angenitukana. Mke wangu aliponiuliza nikamweleza yote, naye akakaa muda mrefu akikunja kanga ileile. Kisha akasema, "Zile mia tatu ziko wapi?" Nikamwambia tumelipia kodi. "Basi tunalala ndani yake," akasema.

Haikupita wiki mbili, Septemba 2019 ikaingia na fujo. Ilianzia upande wa Jeppestown, maduka ya wageni yakavunjwa na kuchomwa, ikasambaa katikati ya jiji na Alexandra. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2008 waliuawa watu zaidi ya sitini, na 2015 fujo zilirudi Durban na kwingineko. Safari hii Air Tanzania ilisimamisha ndege zake za Johannesburg. Tulijifungia siku nne. Mapazia yote tukayaondoa, tukalala familia nne pamoja upande wa mbali na dirisha, na binti yetu alilala katikati yangu na Mama Uvira. Usiku tulisikia watu wakiimba mtaa wa pili. Nikawaza kwamba hawa wakipanda hapa hawataomba kuona karatasi. Hawatauliza nani mkimbizi wa kweli na nani wa randi mia. Kwao wote ni makwerekwere. Mimi niliyejipa vita kwa kalamu sasa nilikuwa na mapigo ya moyo ya kweli, na nilijua kwamba yeye aliye kando yangu aliwahi kulala hivi na mtoto, na yule mtoto hakufika.

Asubuhi ya siku ya tano nilimwomba radhi. Alikuwa anawasha jiko. Akasema, "Chota mayi, baba, tupike." Hilo ndilo jibu nililopewa, nami nikalichukua.

Sikutunga tena. Wateja walikuja, nikawaambia nimeacha, wengine wakaniona najidai. Kwa kuwa karatasi nilikuwa nayo, nilipata kibarua soko kubwa la matunda na mboga la City Deep, saa kumi alfajiri, kupakia malori. Vijana wa Bongo husema aliye mtoni "anabeba maboksi". Mimi niliyabeba kwelikweli, ya tufaha, ya nyanya, ya ndizi. Mgongo uliniuma, lakini nilikuwa nalala. Nakiri hapa kwamba hata kibarua kile nilikipata kwa jina lisilo langu na vita visivyo vyangu. Sikuwahi kulipa hilo. Kuna watu wa kweli wa Kivu na wa Burundi wanaosimama foleni ileile, na kila mwongo anayetangulia anawafanya wao waulizwe maswali zaidi. Huko kwetu Kigoma, Kambi ya Nyarugusu imekuwapo tangu 1996. Tungewaona watu wanakwenda Nyarugusu kujifanya wakimbizi ili wale mgawo, tungewaitaje?

Machi 2020 nchi ikafungwa kwa sababu ya Korona. Saluni ikafungwa, na kazi zangu zikawa za kubahatisha. Tuliishi kwa karanga za Mama Uvira na deni. Mipaka ya nchi kavu ilifungwa na kufunguliwa, ikafungwa tena Januari 2021, na ilipofunguliwa Februari tukaanza kuchanga nauli. Mei tukaondoka. Pale Beitbridge nilifungua lile kopo la unga nikatoa pasipoti zetu. Ofisa aliifungua yangu, akasoma jina langu kwa sauti, majina yote matatu. Miaka miwili hakuna ofisa aliyenitamkia jina hilo. Nikaitika kwa nguvu mno mpaka akanitazama. Kwa kuwa tulikuwa tumezidisha siku tisini kwa mbali, nikapewa karatasi ya kunizuia kurudi kwa miaka mitano. Ndiyo karatasi pekee ya nchi ile iliyokuwa na jina langu halisi.

Tulipofika Dar basi lilitushusha Mbezi, maana kituo kilikuwa kimehama Ubungo. Mama yangu alimpokea mjukuu wake kwa vigelegele. Akamuuliza, kama watu wazima wanavyouliza watoto, "Haya bibi, umetoka wapi wewe?" Binti yangu akasimama wima, mikono ubavuni, akasema, "Kongo." Watu wote kibarazani wakaangua kicheko. Mimi na mke wangu hatukucheka.

Oktoba mwaka huohuo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, nami nikaanza kutafuta vitabu vyake. Peponi nilikisoma kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. By the Sea, kilichotoka 2001, nilikisoma na kamusi pembeni. Humo kuna mzee wa Kizanzibari anayefika uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, akaomba hifadhi na kujifanya hajui Kiingereza. Nilidhani hapa ndipo nitakapojiona nimetetewa. Lakini jina lile alilolibeba lina wenyewe, na mtoto wa mwenye jina anatokea, na mzee inambidi akae naye amweleze. Nilikifunga kitabu nikakaa nacho mapajani. Mimi mwenye hadithi yangu yuko Yeoville, na namba yake ninayo.

Wengi mnaosoma kurasa hizi mnaandika, na wengi mnawaza kuondoka. Sitawaambia msiende. Mke wangu alipata kazi kwa siku tano, na pesa aliyoweka ndiyo iliyofungua saluni yake ndogo hapa Mtoni. Ukienda na mke na mtoto, nenda na kazi ya mikono, na uulize kabla ya kuuza kitanda kama karatasi utakayopewa inaruhusu kufanya kazi. Ukishafika hapo bila karatasi, utaambiwa utunge, na ukitunga mara ya kwanza mara ya pili ni rahisi. Mtoto wako naye atafundishwa, na yeye hajui kwamba ni hadithi.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia Mama Uvira. Bado yuko Yeoville, bado anaongeza muda wa karatasi. Nikamwambia nataka kuandika, na ndani yake atakuwamo yeye na mwanawe. Alinyamaza. Nikasikia gari likipita kule kwake. Akasema, "Utasema alikufa na nini?"

"Na kuhara," nikasema.

"Basi andika. Jina lake usiliandike. Sasa nipe mutoto wangu nimusalimie."

Nikampa simu binti yangu. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, na shuleni anaongea kama mtoto yeyote wa Temeke. Alipoishika ile simu akaanza kuongea Kiswahili cha Kivu.